Shada Juu ya Ngata

Mimi Yudesi wa Bwera, ngata niliyoisokota haijawahi kufunguka njiani. Nimeiweka kichwani nikabebea maji, ndizi, hata kuni mbichi, kutoka bondeni mpaka juu nyumbani, mikono ikining'inia tu. Kwa hiyo mwaka ule wa 2018, binti yangu Biira aliponionyesha kwenye simu picha ya duara la maua makavu lililotundikwa mlangoni, nilicheka.

"Hilo nitalitengeneza juu ya ngata."

"Hapana, mama. Hii inataka waya ya duka," akasema. "Ngata iko ya wanawake ya kisima."

Maneno hayo yalinichoma. Karo yake yote ilipita juu ya ngata hiyo hiyo.

Zilibaki wiki tatu watu wa Karusandara waje kumposa. Mimi ni mjane, na nilitaka waone tangu mlangoni kwamba nyumba ya mjane si pango. Dada yangu aliniletea maua kutoka milimani Mahango, yale madogo ya njano ambayo hata yakikauka hayabadiliki rangi. Nikayaning'iniza ghalani vichwa chini, mbali na jua na moshi. Yalipokauka nikachana maganda ya mgomba, nikayalowesha kidogo, nikayasokota duara na kulikaza mpaka likawa gumu. Nikafunga maua mafungu mafungu, kila fungu likificha vikonyo vya lililotangulia, na katikati nikachomeka masuke ya ulezi. Nilipomaliza nilikaa nikalitazama. Jamani, lilikuwa zuri!

Jirani yangu Naome, mke wa askari wa kambini, aliliona mlangoni akakunja uso.

"Mama Biira, hii si ile ya kuweka juu ya sanduku ya maiti?"

"Ile iko ya plastiki," nikamjibu. "Hii iko ya ulezi. Uliona wapi maiti wanamupa ulezi?"

Akarudi kwake. Sikio la kufa halisikii dawa, na siku ile sikio hilo lilikuwa langu.

Jumamosi wageni walishukia barabarani saa nne asubuhi: Jonan mposaji, baba yake mdogo Asanasio, shangazi yake Medius, na wengine wanne pamoja na mbuzi wawili. Nilikuwa jikoni na Naome tukipakua chakula. Biira akaja mbio, machozi yanamlengalenga.

"Mama, wageni iko narudi!"

Nikachungulia. Walikuwa wamesimama kwenye ua wa michongoma, Asanasio amevua kofia, mmoja wao tayari anawageuza mbuzi. Walikuwa wameliona shada mlangoni, wakadhani ndani kuna maiti, na mbuzi wa posa hawaingii penye msiba. Wakisharudishwa njiani, ni nani atawaleta tena? Watu wangesema nyumba ile ina mkosi, na Biira wangu angebaki na jina hilo. Naome angeweza kusema alinionya, lakini akaendelea kupakua chakula. Namshukuru mpaka leo.

Ningeweza kupiga kelele kwamba hakuna aliyekufa. Lakini nyumba ya msiba ndiyo yenye kelele. Nikalishusha shada, nikaliweka kichwani, nikawaonyesha Biira na Naome mtungi wa bushera, ule uji wetu mchachu wa ulezi, uliojaa mpaka shingoni.

"Munitwike!"

"Mama, maua!" Biira akalia.

"Munitwike, nimesema!"

Nikatoka, mikono ikining'inia. Uwanja wetu una mteremko na mawe. Nilisikia maua yakivunjika juu ya masikio yangu na kuniangukia mabegani, na roho iliniuma, maana niliyafunga fungu kwa fungu. Lakini duara halikuteleza hata kidogo. Nikanyoosha shingo nikatembea.

"Karibuni," nikawaambia. "Hapa hakuna mutu amekufa. Hapa kuna mutu anaolewa."

Medius alinizunguka polepole. Akautazama mtungi, akaitazama mikono yangu mitupu. Ghafla akapiga vigelegele mpaka mbuzi wakashtuka.

"Asanasio, vaa kofia yako! Mama iko hivi, mutoto wake tutamuacha namna gani?"

Posa ilikubaliwa kabla mtungi haujaisha.

Jioni Biira alilichukua shada. Upande mmoja ulikuwa umebonyea, na nusu ya maua haikuwepo. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye msokoto wa chini. Hapakuwa na kamba iliyolegea.

"Mama," akasema bila kunitazama, "kwenye ukuta yangu kule Karusandara nitaweka nini?"

"Waya ya duka," nikamjibu. Mimi si mwepesi wa kusahau.

Akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akarudi amekumbatia maganda makavu ya mgomba, akakaa chini miguuni pangu.