Simbilisi Aliyefunga Ramadhani

Katikati ya Ramadhani Balozi aliacha kula, na mtaa wa Kuze ukamsifu.

Balozi alikuwa simbilisi: kinyama cha manyoya kisicho na mkia, mviringo kama andazi, kazi yake kula na kupiga mluzi akisikia mchicha ukikatwa. Mwenyewe alikuwa Sumeiya, mtoto wa darasa la nne, aliyempa jina hilo kwa kuwa alinenepa, hakufanya kazi, na kila mtu alimhudumia.

Asubuhi hiyo alisogelea karoti, akainusa, akageuka.

"Mashallah!" akasema Bi Tumu, bibi yake Sumeiya. "Yuwafunga!"

Faraj, mwana wa Bi Tumu na baba wa mtoto, alicheka. Kisha akaona kidevu cha mnyama kimelowa.

"Na huo ni udhu," mamake akamjulisha.

Faraj aliuza masanduku ya mbao na vyombo vya shaba Ndia Kuu, na hakuwa mtu wa kusadiki kila aambiwalo. Lakini pia alikuwa mtu ambaye saa za adhuhuri hujifungia katika stoo ya duka na chupa ya maji, na mamake alianza kushuku. Nyumba yenye simbilisi mcha Mungu ilimsitiri. Akamsimulia Yazid, jirani yake wa duka, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuzuia habari. Kufikia alasiri ukumbi ulijaa watu.

"Mtazameni," Bi Tumu aliwaambia. "Yuwausogelea mchicha, yuwaunusa, kisha auacha. Huko ndiko kuishinda nafsi. Wewe Yazid waweza?"

"Mimi, Bi Tumu, harufu ya pilau tu hunitoa imani."

"Twakujua."

Adhana ya magharibi ikalia, mikono ikaenda kwenye tende. Sumeiya akampelekea Balozi jani la mchicha. Hakula. Akampa tango, alilolipenda kuliko vyote. Hakula.

"Baba, aliyefunga hufuturu."

Faraj alijitia sambusa nyingine mdomoni.

"Huenda angoja daku," Bi Tumu akasema.

"Bibi, hata choo hapati."

"Mbele ya futari, mtoto we!"

"Kuna daktari wa wanyama Shimanzi. Tumpigie simu, baba."

"Sasa naenda tarawehe. Kesho, inshallah."

Kesho yake wageni waliongezeka, na Faraj ikambidi abaki nyumbani kuwaeleza hadi adhuhuri, ndipo akaenda dukani; daktari hakupigiwa simu. Alasiri Sumeiya alitoka shule akamkuta Balozi amelala ubavu. Alimtia kikapuni, akaenda dukani, akasimama mbele ya wateja.

"Baba, funga duka."

Faraj alichungulia kikapuni, akafunga.

Tuktuk iliwapenyeza katikati ya malori ya kontena hadi Shimanzi. Daktari Mutanu, mwanamke wa Kitui aliyezoea zaidi mbuzi na paka wa magodauni, alikipanua kinywa cha Balozi, akamulika tochi.

"Ameacha kula lini?"

"Jana asubuhi."

"Na mkangoja nini?"

Faraj alizipitia sababu zake zote. "Tulidhani amefunga," akasema.

Daktari alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Meno ya simbilisi hayaachi kukua," akasema. "Magego ya huyu yameota yakaufunika ulimi kama daraja. Alikuwa na njaa. Alikiendea chakula kila mara, akashindwa kukitafuna. Mate yakamchuruzika kidevuni. Na tumbo la simbilisi halistahimili kukaa tupu. Likikosa chakula, husimama."

"Jana angepona?" Sumeiya akauliza.

"Jana alikuwa na nafasi nzuri. Leo nitajaribu."

Alijaribu. Alimpa dawa, akamdondoshea uji kwa bomba la sindano. Balozi alikufa kabla ya magharibi, uji ukiwa bado mdomoni.

"Innalillahi," Bi Tumu akasema walipofika nyumbani. "Amekufa na saumu yake. Peponi moja kwa moja."

"Amekufa na njaa, Bibi," Sumeiya akasema. "Na alikuwa akituonyesha."

Siku zilizofuata Faraj alimwambia kila aliyekuja kumwona mnyama: "Hakufunga. Alikuwa mgonjwa, nami nikachelewa." Habari hiyo hata Yazid hakuieneza.

Kisha jioni moja Bi Tumu akabakisha kaimati mbili sahanini. Sumeiya akaacha kutafuna.

"Bibi, huli?"

"Nimeshiba, mwanangu."

"Fungua mdomo."

"Astaghfirullah! Mimi ni simbilisi?"

Sumeiya alikwisha kuchukua tochi. Bi Tumu akamgeukia mwanawe amtetee, akamkuta yuko mlangoni, anavaa viatu.

Bi Tumu akala kaimati zote mbili, polepole, na wale wawili hawakuketi mpaka alipomeza.