Ujumbe Uliopita Wikioni

Nyumba ya wageni ya akina Msabah, pale Sokomuhogo, ilikuwa na vyumba vinane, ngazi za kumtoa mtu jasho, na mashine moja ya kadi ambayo benki ilitishia kuja kuichukua. Nyumba ni ya urithi. Wenyewe walikuwa wakilala nyumba ya pili, ng'ambo ya uchochoro, na baina ya nyumba mbili hizo lilikuwapo wikio, lile daraja la juu lenye kuta na vidirisha, walilolijenga wazee ili wanawake wapite kwa jamaa zao bila ya kushuka njiani na kutazamwa na kila apitaye. Bi Salhiya, mama yake Msabah, alilipita wikio hilo kutwa nzima, kwenda na kurudi, na magoti yake yakimlalamikia.

Msabah mwenyewe hayupo. Figo zilimmaliza, Mungu amrehemu, na mkewe Nadra alikuwa yumo edani, mwezi wa pili, hashuki wala haonani na mwanamume asiye maharimu yake. Na Bi Salhiya kwa mambo hayo alikuwa mkali. Wapo siku hizi wanaokaa eda na simu sikioni, wanajibizana na dunia nzima. Si nyumbani kwa Bi Salhiya. Nadra akiwa na neno la kazi, mkwewe ndiye alipelekaye. Jawabu ikija, mkwewe ndiye airudishaye. Mjumbe hauawi, wamesema wahenga. Hawakusema kitu juu ya mjumbe anayeua mwenyewe.

Asubuhi moja akaja Anuar, fundi wa mitandao, mtu mzima na watoto wake, ila kazi alifunzwa na Msabah. Kila waya uliokuwamo katika nyumba zile mbili ulipitishwa na mkono wa Msabah, na Anuar alikuwa hapendi kugusa hata mmoja.

"Shikamoo, Bi Salhiya."

"Marahaba, mwanangu. Haya, hao watu wa benki wana nini na sie?"

Anuar akakaa kwenye kiti cha mapokezi, akamweleza pole pole. Mashine ya kadi, kompyuta ya mapokezi, simu za wageni, televisheni za vyumbani, kamera, rekoda inayohifadhi picha za kamera, mpaka tableti iliyoko chumbani kwa Nadra, vyote hivyo viko kwenye mtandao mmoja.

"Tuseme wanakula sinia moja," akasema. "Sasa benki inasema, kila anayekula sinia moja na mashine ya kadi lazima akaguliwe mikono. Maana mmoja wao akiwa mchafu, kadi za wageni zimekwisha kuibiwa. Ndiyo maana wametuletea ile karatasi ya masuala mengi vile, na hatuwezi kuyajibu. Nani ataniapia usafi wa simu ya mgeni aliyeshuka boti jana?"

"Na dawa yake?"

"Kuitenga. Mashine ya kadi na kompyuta yake moja nizipe sinia yao peke yao. Wageni sinia yao, kamera yao, na huko ndani kwenu yenu. Asiyefika kwenye sinia ya kadi, benki haina haja ya kumuuliza. Masuala yatabaki machache, tutayajibu, na mashine itabaki."

"Kwani hilo la kufundishwa?" akasema Bi Salhiya. "Mgeni anakaa barazani, wa karibu anaingia ukumbini, na ndani hapiti mtu. Nyumba zote za mji huu ndivyo zilivyojengwa. Mbona Msabah hakufanya hivyo tokea mwanzo?"

Anuar akatazama chini. "Alikuwa anaumwa, bibi. Alitaka aone kila pahala kutoka kitandani."

Na ni kweli. Miezi yake ya mwisho Msabah aliilala juu, chumba cha pili baada ya wikio, na tableti kifuani. Akiitazama sehemu ya mapokezi, akitaka kusema kitu husema, na sauti yake hutoka huku chini kwenye kispika cha kamera iliyo juu ya meza. Wageni wengine walikuwa wakishituka. Nadra, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa mezani pamoja na mkwewe, alikuwa akiinua uso na kumjibu, na kucheka naye.

"Kuna jambo moja," akasema Anuar. "Hiyo rekoda. Neno lake la siri alikuwa nalo Msabah, kaenda nalo. Ili niihamishe lazima niianze upya, na nikiianza upya inafuta kila kilichomo, picha na sauti. Kama kuna kitu Bi Nadra anakitaka, nitoe diski yake niiweke, nikatafute diski nyengine, nirudi kesho. Hainiwii vibaya. Nakuomba umuulize."

Bi Salhiya akapanda ngazi, akapita wikioni, akabisha kwa mkaza mwana wake.

Nadra alikuwa amekaa kitandani na nguo yake nyeupe isiyo na pambo, uso umemkonda. Aliposikia swali la Anuar alishika mkono wa mkwewe kwa mikono miwili.

"Mwambie asifute, mama. Mwambie aiweke diski, asipoteze hata kitu kimoja. Kuna vitu vyangu mle."

"Vitu gani?"

"Nitakwambia nikitoka eda, inshallah. Sasa hivi siwezi kuvisema."

Bi Salhiya hakuhitaji kuambiwa. Alivijua: ni sauti za Msabah zilizomo rekodani, Nadra akizisikiliza kwa ile tableti aliyoiacha marehemu.

Kila siku, tokea matanga yalipoondoka, akishatoa salamu ya sala ya adhuhuri, alikuwa akisikia sauti ya mwanawe chumba cha pili, kwa Nadra. Maneno hayakamatiki, ukuta wa mawe na chokaa ule, upana wake dhiraa nzima. Ni sauti tu, ule mtindo wake wa kupandisha mwisho wa maneno, tangu yu mdogo. Mara moja, kimya, kisha mara ya pili. Bi Salhiya hukaa juu ya mswala na mdomo wake umeshafunguka kusema "Naam, baba," na hana wa kumwitikia. Kwenda kutega sikio mlangoni aliona haya, maneno ya mtu na mkewe mama hayamhusu. Basi huumia pale pale alipo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye mwana alikuwa naye huyo mmoja.

Na lililomchoma zaidi ni lile la baadaye. Kila siku, sauti ikinyamaza, haupiti muda Nadra atatoka na sahani, macho mekundu, amwekee mbele yake na kumwambia, "Kula, mama." Bi Salhiya husema kimoyomoyo: loo, mtu keshajishibisha na maneno ya mumewe, ndiyo akanikumbuka mie na wali. Huonja matonge mawili. Kilichobaki wakila paka.

Sasa akaondoka kwa Nadra na ujumbe mdomoni, akaingia wikioni, na katikati yake akasimama. Chini watu wanapita, muuza madafu anabishana na mtu, na wote wale, alijiwazia, wamezika mtu wao wakamaliza. Yeye kila adhuhuri anazika upya. Na yule mtoto Nadra pia, miaka yake thelathini na mitatu, atakaa ndani na kidude kile mpaka lini? Eda itakwisha, naye hatatoka. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Alijiambia anamfanyia Nadra hisani, na tusimwonee, nusu yake ilikuwa kweli. Nusu ya pili ni kwamba alikuwa amechoka, amechoka mno, na alitaka adhuhuri moja tu ipite kimya.

Akashuka.

"Kasema nini?" akauliza Anuar.

"Kasema hana haja na kitu. Futa."

Anuar akamtazama. "Hana haja kabisa?"

"Mie nimekwambia nini?"

Nani atabishana na Bi Salhiya? Anuar akashika kazi. Akatenga mtandao wa mashine ya kadi, akatenga wa wageni, akaung'oa ule waya uliopita wikioni kwenda kwa Nadra, akauzungusha vizuri kama alivyofunzwa. Rekoda akaianza upya. Mwisho akajaribu kwa simu yake, yuko kwenye mtandao wa wageni, kuitafuta mashine ya kadi, na haikuonekana. Akafurahi.

"Imekuwa safi, bibi. Benki hawatuwezi tena. Msabah angeiona kazi hii angenisifu."

Bi Salhiya akamwambia ahsante, na akaenda kutawadha.

Adhuhuri ile akasali. Akatoa salamu kuliani, akatoa kushotoni, akangoja. Kimya. Ndicho alichokuwa akikitaka, na kilipofika hakujua akifanyeje. Akavuta tasbihi, ikamtoka mkononi. Akajikuta anatega sikio ukutani, yeye aliyekuwa akiona haya.

Mlango ukafunguliwa. Nadra kasimama na tableti, hana sahani.

"Mama, hakuna kitu. Anuar kasahau? Ulimwambia?"

Angeweza kumtwika Anuar lawama. Neno lilimfika ulimini, na Mungu alimwepusha nalo.

"Nilimwambia afute," akasema. "Ni mimi. Nimeshindwa, Nadra. Kila siku namsikia mwanangu anaongea, nami siwezi kumwitikia. Nimechoka."

Nadra akakaa chini pale pale mlangoni. Alilia bila sauti, kisha akasema.

"Ungeniambia mimi. Ningepunguza sauti nisikilize peke yangu. Ungeniambia tu, mama."

"Maneno yenu yalikuwa yenu. Ningekuja kukwambia nini?"

"Hayakuwa yetu." Nadra akafuta uso kwa upindo wa nguo. "Unakumbuka adhuhuri ulikuwa ukiondoka mapokezi kuja kusali? Akikiona kiti chako kitupu, ndipo husema. Hakutaka usikie, alijua utamgombeza, utasema ajishughulishe na maradhi yake. Kila siku alikuwa akiniuliza suala hilo hilo. Mama keshakula?"

Bi Salhiya akaitazama mikono ya Nadra, leo haina sahani.

"Alikuona unakonda. Akinambia, Nadra, mimi nnakwenda, huyu usimwache akakaa na njaa. Basi mie kila adhuhuri nikisikiliza, nikipata nguvu, nikikuletea sahani. Nilitaka nikusikilizishe nikitoka eda. Nilikuona huwezi bado."

Maji yakimwagika hayazoleki. Bi Salhiya alilijua hilo, amewaambia wangapi misibani, na siku ile halikumfaa kwa lolote. Alipiga goti juu ya mswala, akajikokota mpaka mlangoni alipo Nadra, akashika mikono yake.

"Nisemee," akasema. "Kama alivyokuwa akisema. Nisemee mara moja."

"Mama, sitoweza kama yeye."

"Jaribu."

Nadra akavuta pumzi. Akajaribu kupandisha mwisho wa maneno kama alivyokuwa akipandisha Msabah, na sauti ikatoka ya Nadra, ya mwanamke, imekwaruza kwa kilio.

"Mama keshakula?"

"Bado, baba," akajibu Bi Salhiya, macho yake ukutani. "Bado sijala."

Akamwachia mikono. Kisha Nadra akainuka kwenda kupakua wali.