Jitesh Asubiri Nje

Mzee Elias Chenge alipopata barua ya mwaliko wa semina ya wosia na mirathi, aliisoma akiwa amesimama, kisha akaitupa mezani kwa Teodora.

"Wosia nao unafundishwa?" aliuliza. "Nenda wewe. Angalau utakula vizuri mchana."

Ilikuwa mwaka tisini na tano. Teodora Machibya alikuwa na miezi minane tu tangu aapishwe kuwa wakili, na ofisi ya Mzee Chenge, ghorofani juu ya duka la vipuri vya baiskeli mjini Mwanza, ndiyo iliyompokea. Wosia pale ulikuwa kazi ya robo saa. Kulikuwa na karatasi zilizochapwa tayari zenye nafasi za kujaza. Mzee anauliza majina, karani anajaza, mteja anatia sahihi, anashuka ngazi.

Semina ilichukua siku mbili. Mwalimu wake alikuwa mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya mwimbaji wa kwaya. Aliwafanya mawakili waigize. Teodora aliigiza mfugaji mwenye wake watatu aliye hoi kitandani, na wakili mwenye kitambi kutoka Bukoba akawa wakili wake, akasahau hata kumuuliza ana watoto wangapi. Ukumbi mzima ulicheka mpaka machozi.

"Mmeona?" alisema yule mama. "Mteja wako ni mwenye mali, siyo aliyemleta kwa gari. Mwone peke yake. Zungumza naye kwa lugha anayopigia soga. Mwache ataje mwenyewe mali yake na watu wake. Halafu msomee. Na shahidi asiwe mtu atakayerithi, maana sahihi yake itamnyang'anya kile kile alichoachiwa."

Teodora aliandika mpaka wino ukamwishia.

Jumanne iliyofuata, kijana mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri alipanda ngazi akiwa amemshika mkono bibi mfupi mwenye sari ya kijani. Kijana aliitwa Jitesh. Bibi alikuwa Gangaben, shangazi yake, mjane mwenye duka la vitambaa na nyuzi kule Mkuyuni, ambaye watu wa mtaani walimwita Mama Ganga.

"Shangazi anataka kuandika wosia," Jitesh alimwambia Mzee Chenge, akatoa karatasi mfukoni. "Kila kitu kiko hapa. Kiswahili chake ni cha dukani tu, nitamsemea mimi."

Mzee Chenge alikuwa na mtu mwingine chumbani. "Teodora, wajazie," alisema, akafunga mlango.

Jitesh alionekana mtu mwema, na kumtoa nje kulikuwa kama kumtukana. Hata hivyo Teodora alisema, "Kaka, samahani. Huwa tunazungumza na mteja akiwa peke yake, mteja yeyote. Naomba utusubiri nje, kwenye benchi."

"Lakini mtaelewana vipi?"

"Tutajaribu."

Jitesh akatoka, akigeuka nyuma mara mbili. Teodora alivuta kiti karibu na bibi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Gangaben, akamtazama usoni kwa makini. "Jina la baba nani?"

"Machibya. Kwetu ni Misungwi."

Macho ya bibi yaling'aa. "Mwangaluka, mayu!" alisema, na baada ya salamu hiyo kikafuata Kisukuma chenyewe, cha ndani kabisa, kilichonyooka, chenye maneno ambayo Teodora alikuwa hajayasikia tangu nyanya yake afariki. Kumbe Gangaben alizaliwa Misungwi, baba yake akiwa fundi wa mashine za kuchambulia pamba. Alikua akitwanga na kucheza na wasichana wa jirani. "Jitesh amekuja juzi tu kutoka Dar," alisema. "Hajui. Hajawahi kuniuliza."

Wakacheka wote wawili, na kazi ikaanza. Teodora aliandika tarehe, saa, na kwamba walikuwa wawili tu chumbani. Akamwomba bibi ataje mali yake. Alitaja nyumba, duka, cherehani sita, sahani za fedha za mama yake, na paka. Akaomba ataje watu wake. Hakuzaa, lakini aliwataja ndugu wa pande zote hadi vitukuu vyao, pamoja na magonjwa yao.

"Na hii karatasi ya Jitesh?"

"Hiyo ni ya simu," alisema bibi. "Watoto wa shemeji yangu walipiga simu kutoka Uingereza. Uza duka, gawa sawa. Jitesh ni mpole, akaandika walivyosema. Umeona jina lake humo?"

Teodora alisoma karatasi toka juu hadi chini. Jina la Jitesh halikuwamo.

"Basi," alisema Gangaben. "Duka na nyumba vyote ni vya Jitesh. Siku hizi bidhaa zinaingia kutoka kila mahali, yeye ana akili ya biashara mpya. Cherehani zote sita ni za Odeta, na baraza la duka awe nalo maisha yake yote, asiondolewe na mtu. Odeta ameshona barazani kwangu miaka ishirini na miwili. Mume wangu alipokufa alilala nyumbani kwangu siku kumi na tatu, akinilazimisha kula."

"Na wale wa Uingereza? Watauliza kwa nini."

Bibi alifikiri. "Wapewe sahani za mama yangu. Waambie nawapenda, ila duka hawalijui hata mlango wake."

Teodora aliandika hayo pia. Karani alipomaliza kuchapa, alimsomea bibi ukurasa wote, sentensi kwa sentensi, kwa Kisukuma, na bibi akasahihisha jina la paka.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mzee Chenge aliingia na Jitesh, kalamu mkononi. "Tumechelewa sana. Mpwa atakuwa shahidi, na mimi wa pili. Tumalize."

Jitesh alinyoosha mkono kupokea kalamu.

"Hapana, mzee," alisema Teodora.

Alikuwa hajawahi kumwambia mzee hapana, tena mbele ya wateja. Kumweleza sababu Jitesh akisikia asingeweza, kwa sababu yaliyomo yalikuwa siri ya bibi. "Ndugu wa mteja hawatii sahihi," alisema. "Ndugu yeyote. Nimewaomba Masalu fundi saa na Rebeka wa posta waje. Wako kwenye ngazi."

Mzee Chenge alimtazama, akaitazama karatasi, akasoma mistari michache. Uso ulimbadilika. Taratibu alirudisha kalamu mezani. "Ndugu yangu Jitesh," alisema, "tukasubiri nje wote wawili."

Gangaben alitia sahihi kwa herufi kubwa za Kigujarati, Masalu na Rebeka wakafuata, na Teodora akaufungia wosia kwenye sanduku la chuma. Alimweleza bibi kuwa hakuna atakayejua lolote mpaka siku atakayotaka mwenyewe.

"Nataka leo," alisema bibi.

Alimshika Teodora mkono wakaenda Mkuyuni, Jitesh akiwafuata nyuma. Odeta alikuwa barazani, akipinda sare ya shule. Gangaben alisimama katikati ya barabara akatangaza yote kwa Kisukuma, mikono hewani. Odeta, Mjita aliyezeeka Mwanza na Kisukuma anakijua vizuri, aliachia kitambaa akapiga kigelegele. Wauza nyanya wakadakia.

"Amesema nini?" Jitesh alimsihi Teodora. "Dada, amesema nini?"

"Siwezi kukuambia. Ni siri ya mteja wangu."

"Barabara nzima imesikia!"

"Hata hivyo."

Gangaben alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha alimwambia mpwa wake kwa Kiswahili chake cha dukani, "Duka yako. Nyumba yako. Oa haraka." Jitesh alikaa chini, pale pale juu ya mtumba wa vitambaa, akafunika uso, mabega yakitikisika. Shangazi yake alimpapasa kichwa, naye Odeta akaagiza soda za baraza zima.

Asubuhi iliyofuata Mzee Chenge aliingia chumbani kwa Teodora na kufunga mlango.

"Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja," alisema. "Nina nyumba mbili, ng'ombe kule Magu, na watoto ambao mama zao hawasalimiani. Wosia sijaandika."

Akazunguka meza, akaketi kwenye kiti cha mteja, akavua kofia yake na kuiweka magotini.

Teodora alivuta karatasi nyeupe, akaandika tarehe na saa. "Haya, mzee wangu," alisema akitabasamu. "Nitajie watu wako."