Picha ya Mgonjwa

Madereva walimwita Ratiba, kwa sababu hakuna lori lililotoka nje ya lango la kampuni kabla yeye hajapanga liende wapi na libebe nini. Kaka yake mkubwa alipolazwa katika nchi aliyohamia zamani, Ratiba aliomba ruhusa akapanda ndege. Bosi alimuaga kwa maneno matamu: "Nenda ukamuuguze ndugu yako. Simu tu usiizime."

Simu hiyo ikamganda kama kupe. Akimlisha kaka yake uji, inaita: lori la saruji halina tairi la akiba, wafanyeje? Akimgeuza ubavu vidonda vya mgongo vipate hewa, inaita: dereva fulani amegoma kupakia, aseme naye. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni.

"Hao watu wako hawajui hata kufunga kamba za viatu?" kaka yake alimuuliza kwa sauti iliyokwisha kukonda kama yeye.

"Wanajua. Wamezoea kufungiwa."

Asubuhi moja shemeji yake, mke wa kaka, alikuwa amekwenda kuchukua dawa. Muuguzi akaleta maji ya vuguvugu, na Ratiba akamvua mgonjwa shati la hospitali, akaanza kumwosha. Mbavu zilikuwa nje nje. Mfuko wa mkojo ulining'inia kando ya kitanda. Simu ikaita, safari hii ya video. Akaipokea kwa mkono wenye povu.

"Uko wapi?" bosi aliuliza. "Huku wanasema umekwenda kutafuta kazi nyingine."

"Niko wodini. Namwogesha mgonjwa."

"Hebu geuza simu nione."

"Uone nini?"

"Nione tu, roho yangu itulie."

Mpaka leo Ratiba hajui mkono wake ulikubalije. Aliigeuza simu mara moja, akairudisha. Bosi akasema, "Aa, pole sana," akakata. Kaka yake alikuwa amefumba macho, na Ratiba akamalizia kumwosha bila kumtazama usoni.

Haikupita hata saa moja, picha ikaingia kwenye kundi la kazini. Bosi alikuwa ameinasa palepale: kaka yake kifua wazi, mdomo umeachama, mfuko wa mkojo na yote. Chini aliandika: "Ndugu zangu, tumwombee kaka wa mwenzetu." Vikatuni vya mikono ya kuomba vikamiminika, hadi cha mlinzi wa lango. Kisha bosi tena: "Tukiendelea na maombi, Ratiba tutumie mpango wa malori ya kesho."

Mate yalimjaa Ratiba mdomoni. Akakimbilia sinki, akatapika chai tupu. Shemeji akamkuta ameinama hapo, akaichukua simu kuona kilichomsibu. Aliitazama ile picha, akatafuta namba ya bosi. Kisha akapiga.

"Mimi ni mke wa huyo uliyemwanika."

"Pole mama. Ilikuwa nia njema."

"Nia njema haimvui mtu nguo mbele za watu."

"Basi nitaifuta. Sasa nipe Ratiba, kuna lori limekwama mpakani."

Shemeji akampa Ratiba simu akiishika kwa ncha za vidole, kama kitu kilichookotwa chooni, akafungua bomba akanawa.

"Dereva anasubiri," bosi alisema.

"Mwelekeze wewe. Mimi sirudi tena kwako."

"Kwa sababu ya picha tu?"

Ratiba akakata. Alitegemea shemeji atampongeza, lakini yule mama alikuwa bado anajisugua mikono.

"Picha kaipiga yeye," alisema. "Aliyemgeuzia simu ni nani?"

Ratiba akaenda kumfunika kaka yake shuka mpaka shingoni.

Kaka alipata nafuu, akaruhusiwa kwenda nyumbani akitembelea fimbo. Siku ya kuagana alimvuta mdogo wake karibu, akamnong'oneza: "Siku nyingine, walau unichane nywele kwanza." Akacheka mpaka akakohoa. Ratiba alijaribu kucheka naye, akashindwa.

Aliporudi kwao alipita ofisini kuchukua vitu vyake. Bosi alikuwa amejifungia ndani, eti ana kikao. Uani dereva mmoja mtu mzima alimjia amenyoosha mikono miwili, kwa moyo safi kabisa.

"Pole, ndugu yangu. Tulimwona kaka yako. Amekwisha sana."

"Asante," Ratiba alisema, akaenda kwenye bomba la uani kunawa mkono ulioigeuza ile simu.