Mlango wa Mbele

Mama alipotimiza miaka tisini hakutaka keki wala maua. Alitaka kulala usiku mmoja katika chumba chake cha nyuma kijijini Sidlow, asikie bahari mpaka usingizi umchukue. Hilo tu. Makao ya wazee anakokaa siku hizi, ambayo hajawahi kuyaita nyumbani ila "kule" tu, yakatoa ruhusa. Nikamfungia dawa zake, nikalipia, kama mtalii yeyote, usiku mmoja katika nyumba nilimozaliwa.

Kwa hati haikuwa yetu kamwe. Ilikuwa ya mwenye shamba, sisi wapangaji wake tu, na Baba alipofariki ikauzwa kwa bwana mmoja wa London, Crispin Vaughan, anayeipangisha kwa watu wa likizo. Najua sheria iko upande wake. Hasira yangu haijali sheria iko upande wa nani.

Wageni hawapokelewi kabla ya alasiri, basi nikampitisha Mama pwani kwanza. Tukala samaki na chipsi ndani ya gari, vioo tumefunga, ndege aina ya shakwe wamesimama juu ya boneti wakitukodolea macho. Binti mmoja akagonga kioo, akatuuzia safari ya mashua kwenda kuwatazama sili, wale wanyama wa baharini.

"Sili?" Mama akasema. "Hao walimlia baba yako samaki maisha yake yote. Leo nilipe nikawasalimie?"

Tulipoingia kichochoroni kwetu, kila mlango ulikuwa na kisanduku cha namba cha kutunzia ufunguo wa watu wa likizo, na ndani hakuna mtu. Aliyebaki ni Derek Bunn, jirani yetu wa siku zote. Alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake, akatupa ufagio.

"Winnie Thirtle! We mwanamke, bado hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie, Derek, ukanishikie nafasi."

Wakacheka, mimi nikashindwa. Nilikuwa natazama nyumba. Mlangoni palikuwa na dema la Baba la kutegea kaa. Mafundo yake nayajua, nilikuwa namshikia kamba akiyafunga. Limejazwa udongo na maua, na juu yake kaa wa plastiki. Kando yake mshale wa ubao: BAHARI KULE. Bahari inanguruma nyuma ya ukuta hapo hapo, mshale wa nini?

Mama hakuyaangalia hayo. Alishika fimbo yake akakata pembeni ya nyumba kuelekea nyuma, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake ya ndoa. Kwetu mlango wa mbele haufunguliwi ovyo. Huo ni wa kasisi, wa daktari, wa bibi harusi na wa jeneza. Wa nyumbani na majirani hupita nyuma, jikoni, bila kubisha. Mama aliingia kwa mlango wa mbele siku moja tu, na shela kichwani. Baba alitolewa kwa huo huo. Siku zote Mama alisema ataupita mara moja tu tena, akiwa amebebwa.

Nilimkuta amesimama mbele ya ukuta. Pale palipokuwa na mlango wetu pana matofali mapya, dirisha dogo la kioo cha ukungu, na bomba.

"Maureen," akasema, "mlango uko wapi?"

Hapo ndipo Bwana Vaughan, niliyemwandikia kuwa Mama anatimiza miaka tisini, alipotokea bustanini, chupa ya mvinyo mkononi, uso umejaa furaha. "Karibuni, karibuni! Heri ya kuzaliwa, bibi! Jisikieni mko nyumbani!"

"Umeufanya nini mlango?" nikamuuliza.

"Aa, huo? Tuliuziba, tukaweka choo. Wageni walikuwa wanalalamika kupanda ngazi usiku. Mlango ni ule wa mbele, uko wazi."

"Mimi sipiti huko," Mama akasema taratibu.

Derek akaegemea uzio. "Nina ngazi, Winnie. Tukupitishe dirisha la jikoni, kama tulivyoipitisha ile sofa."

"Sofa haikuwa na nyonga ya chuma, Derek."

"Tafadhalini, hapana," Bwana Vaughan akasema. "Akianguka, bima hailipi. Ni mlango tu, jamani. Hatua chache."

Ni mlango tu! Nikachemka. Nikamwambia ameweka choo mlangoni kwa mama yangu. Nikamwambia dema lile lilisomesha watoto, yeye analifanya chungu cha maua. Nikamwambia na mengine ambayo siyarudii hapa, na siyajutii. Alisimama na chupa yake, masikio mekundu, akisema hakujua, hakuna aliyemwambia. Nilitamani awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

"Maureen, nyamaza," Mama akasema. "Hana kosa. Nyumba ni yake."

Akageuka. Akazunguka polepole mpaka mbele. Mlango ulikuwa wazi kabisa, lakini hakuingia. Aliuvuta ukafungwa, akajitengeneza nywele, akabisha mara tatu.

"Ingia tu, bibi," Bwana Vaughan akasema nyuma yetu. "Kweli, hakuna haja."

Mama alibaki kizingitini. Alisubiri. Ikabidi yule bwana atupite, aingie, aufunge, kisha aufungue tena kutoka ndani.

"Karibu," akasema, sauti imeshuka.

"Asante. Sitakaa sana."

Alifuta viatu kwenye zulia kwa muda mrefu. Jikoni alikaa kwenye ncha ya kiti, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba magotini, hivyo hivyo alivyokuwa akikaa kwa kasisi. Akapewa chai. Akaisifu chai. Akasifu dirisha. Kisha akamuuliza, kwa adabu iliyonichoma moyo, "Samahani bwana, choo kiko wapi?"

Bwana Vaughan akanyoosha kidole pale palipokuwa na mlango wetu.

Mama alikaa humo kitambo. Mimi na yule bwana hatukutazamana. Alipotoka alisema ni choo kizuri, chenye joto.

"Chumba cha nyuma kiko tayari," Bwana Vaughan akasema. "Nimeweka shuka mpya. Na bahari inasikika vizuri sana usiku."

"Najua," Mama akasema. Akasuuza kikombe chake, akakigeuza juu ya kitambaa. "Lakini nimeshakaa vya kutosha. Asante kwa ukarimu wako."

Akatoka kwa mlango wa mbele, kwa miguu yake mwenyewe. Derek alikuwa bado amesimama njiani, ngazi begani. Mama akampungia mkono, akaingia garini, akafunga mkanda.

"Mama, rudi. Kitanda kimelipiwa. Tutalala tu, hata kama..."

"Nirudishe nyumbani, Maureen," akasema. "Wanafunga mlango saa tatu usiku."