Dirisha la Nne

Kila asubuhi, kabla hajagusa kazi, Sikio huhesabu madirisha ya kompyuta yake kama mfugaji anavyohesabu kuku kabla ya kuwafungulia. Macho yake yalizimika utotoni. Basi huandika amri fupi kwenye dirisha jeusi la amri, akabonyeza kitufe, na sauti ya kompyuta ikamsomea jina la kila dirisha lililo wazi. Sauti hiyo ameibatiza Shangazi, kwa kuwa husema bila kuvuta pumzi na haifichi kitu.

Jumatano hiyo Shangazi alitaja matatu aliyoyatarajia: amri, kinasa sauti na ukurasa wa kuchapia mazungumzo ya mikutano. Kisha akaongeza la nne: "Makosa ya Sikio."

Akarudia amri. Shangazi hakubadili neno.

Kompyuta hiyo ilikuwa yake asubuhi, na mchana ikawa ya mwenzake, dada ambaye ofisi nzima ilimwita Mpole. Tena wiki hiyo meneja alikuwa ametangaza kwamba wapiga chapa wawili ni wengi. Ijumaa angebaki mmoja. Sikio alilifungua dirisha lile. Shangazi akasema picha, picha, picha, wala hakupata hata neno moja la kusoma.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama, alijiambia. Sasa kila wema wa Mpole ukawa na harufu. Kwa nini juzi alimuuliza kama amechoka? Kwa nini siku hizi alifika nusu saa mapema, akasimama mlangoni kimya mpaka marashi yake yamtangulie? Miezi mitatu hakuna ukurasa wa Sikio uliorudishwa, na jambo hilo alikuwa amejisifia hadi kwa mama yake. Mtu asiye na makosa huandikiwaje makosa?

Zamu yake ilipokwisha aliyakunja madirisha yote chini, lakini hakuondoka. Mpole alipoingia alimuuliza kwa utani kama leo amegeuka samani ya ofisi. Sikio alicheka, lakini kicheko hakikuvuka meno. Akamuuliza kama jana alifunga kila kitu.

"Kila kitu, kaka. Kioo hiki hapa, kitupu kama sahani iliyolambwa."

Dirisha likikunjwa chini hutoweka machoni, ila halikwepi orodha ya Shangazi. Sikio akaandika amri yake, akamwachia Shangazi aseme. La nne liliposomwa, hata mkoba wa Mpole uliacha kuchakacha.

"Makosa yangu unampelekea meneja," Sikio alisema.

"Meneja ndiye anayeniletea mimi."

Ikambidi Mpole aeleze. Kurasa za asubuhi zilirudi mchana, zimejaa wino mwekundu. Maneno yalikuwa sawa yote. Lakini Shangazi husoma maneno, hasomi sura ya ukurasa. Herufi zilivimba katikati ya sentensi, aya zikakimbilia ukingoni, kichwa cha habari kikaachwa peke yake chini kabisa. Mpole alizipiga picha kurasa hizo ili ajue pa kutazama, akazirekebisha, akazirudisha. Hakumwambia kwa kuogopa kumvunja moyo.

"Na akikuuliza ni makosa ya nani?"

"Mimi humwambia ni yetu."

Sikio hakufurahi. Miezi mitatu alikuwa amebebwa mgongoni kama mtoto, huku akijidhani anatembea. Isitoshe, picha hakuweza kuziona. Alichokuwa nacho ni neno la Mpole tu, na mashaka ya asubuhi nzima hayatoki kwa kupangusa mara moja.

Akasogeza kiti chake, akamwachia nafasi. Mpole alipokaa, Sikio akaandika ile amri tena. La nne lilikuwa bado lipo.

"Usilifunge," alimwambia. "Ijumaa nitaingia nalo kwa meneja mimi mwenyewe, nimwambie makosa ni yangu, na kwamba nimeanza kujifunza. Haya, mdogo wangu, nisomee picha ya kwanza. Wala usiruke hata moja."