Mbuzi wa Zorobabel na Dola ya Viza

Nina mgeni ndani ya nyumba. Ukimkunja, ameharibika. Ukimlowesha, ameharibika. Akizeeka kidogo tu, hakuna anayemfungulia mlango. Ni nani?

Wajukuu wangu hujibu kwamba ni bibi arusi. Hapana. Ni dola.

Mgeni huyo nilimjua wakati wa vita, wakati Beni na Butembo, miji yetu ya mashariki ya Kongo, zilikuwa mikononi mwa waasi na kila kilima kilikuwa na bariyeri yake, kizuizi cha askari. Binti yangu Providence alikuwa ameolewa Zanzibar, kisiwa kilicho ndani ya bahari, na tangu vita vianze sikuwa nimeuona uso wake. Siku moja Stanislas, dereva wa kamio, yaani lori, anayepeleka mizigo Kasindi mpakani na Uganda, akaniletea habari. Providence amelipa tiketi ya ndege kutoka Entebbe. Anataka nipumzike kule mwezi mzima, nilale bila kusikia bunduki. Kazi yangu ilikuwa moja: nifike na dola mia moja mkononi, safi, ya kulipia viza. Asiye nayo anarudishwa na ndege ile ile iliyomleta.

Nikauza viazi vya shamba langu la Musienene, nikaenda kwa wavunja feza wa Butembo, wanaobadilisha franka kuwa dola. Dola ilikuwa imepanda. Nikarudi nyumbani, nikauza na maharagi ya mbegu. Nilipofika tena, dola ilikuwa imepanda tena. Nikauliza ni nani anayeipandisha. Wakasema ni vita. Nikawaambia vita havikai hapa kwenye meza, wanaokaa hapa ni ninyi. Wakacheka, lakini bei haikushuka.

Ndipo nikafanya kosa la kuomba maombi kanisani. Kwetu msafiri hasindikizwi kwa amina peke yake. Jumapili ilipofika jioni, nyumba yangu ya Vulamba, mtaa wetu wa Butembo, ilikuwa imejaa: maharagi, kuku, mayai ndani ya kikapu, na mbuzi mwenye pembe moja aliyetolewa na Baba Zorobabel, shemasi wetu. Mbuzi huyo alijulikana na watu wote wa Vulamba, kwa maana alizoea kuingia kanisani wakati wa mahubiri na kusimama mbele kama mtu anayetaka kutubu. Walinipa kila kitu isipokuwa dola.

Nilishukuru kwa mikono miwili, wasingya kutsibu, wasingya kutsibu, huku moyoni nikilia. Kwa maana kitu ulichopewa hakiuzwi. Utakila, utakifuga, utampa mwenye njaa. Ukikiuza, umemwambia aliyekupa kwamba mkono wake ni mchafu. Ningempeleka mbuzi yule kwenye soko la Butembo, habari ingefika kwa Zorobabel kabla mimi sijafungua kamba.

Nikakaa, nikawaza, nikaona njia. Kamio ya Stanislas inapitia Beni ndipo ishuke Kasindi. Na Beni hakuna anayemjua mbuzi wa Zorobabel.

Tuliondoka Jumatano asubuhi. Kwenye bariyeri ya kwanza askari akaniita koko, yaani bibi, kwa Kilingala chao, akauliza kama kuku wangu wana ruhusa ya kusafiri. Hawakuwa nayo, kwa hiyo akabaki na mmoja. Kwenye bariyeri iliyofuata walibaki na wengine isipokuwa mmoja, na mayai pia, wakisema mayai yanaharibika njiani, ni afadhali wayatunze. Askari mmoja akamtazama mbuzi sana. Nikamwambia anaumwa. Askari akainama, akaangalia macho ya mbuzi, mbuzi naye akaangalia macho ya askari, na sijui waliambiana nini, lakini tuliachwa tupite.

Tulipofika Beni, Stanislas alinionya kwamba barabara ya Kasindi si ya kupita jioni. Atapiga honi mara moja ili nijitayarishe. Akipiga mara ya pili, anaondoka, niwe ndani ao niwe chini. Ndege ilikuwa siku iliyofuata. Kamio nyingine haikuwepo.

Nikakimbia. Maharagi nikamwachia mama mmoja kwa bei ya huruma. Mbuzi nikamuuzia Maliro, mchinjaji wa karibu na soko, mtu mpole ambaye hakuuliza maneno mengi. Halafu nikaenda kwa Lusenge, kijana mvunja feza, aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli mwekundu. Franka zangu zilitosha, zilitosha kabisa kabisa. Akanipa dola mia moja.

Nikaiinua juani. Ilikuwa na alama ya kalamu ya biki. Nikairudisha. Akatoa nyingine, pembeni ilikuwa imepasuka kidogo, kama imeumwa na siafu. Nikairudisha. Akatoa ya tatu, na yule mzungu aliyechorwa juu yake alikuwa na kichwa kidogo, na Providence alikuwa amesema kichwa kikubwa, kwa maana zile za zamani zenye kichwa kidogo hazipokelewi. Lusenge akaniangalia kwa uchovu.

"Mama, unatafuta dola ao unatafuta muchumba?"

Nikamjibu kwamba muchumba nilimchukua bila kumkagua namna hii, ndiyo maana leo nina akili.

Mkono wake ulikuwa bado unatafuta ya nne wakati kelele zilipotoka sokoni. Nikageuka. Nikaona kwanza pembe moja. Nyuma ya pembe, Baba Zorobabel ameshika kamba. Nyuma yake, askari wawili wamemkamata Maliro kwenye kola ya shati, na kundi la watu linafuata. Kumbe Zorobabel alikuwa amekuja Beni tangu jana kumwona mkwe wake aliyejifungua. Amepita sokoni, amemkuta mbuzi wake amefungwa kwa mchinjaji asiyemjua. Na shauri alikuwa amelikata mwenyewe.

"Mama Providence, shukuru Mungu," akaniambia kwa furaha. "Bamekuibia mbuzi, lakini nimemukamata mwizi."

Wasomaji wangu, nilichoka. Mlango wa kutokea ulikuwepo. Ningeweza kunyamaza, mbuzi akarudi kwangu, na feza za Maliro tayari nilikuwa nazo. Lakini siku zile mtu akiitwa mwizi alitupwa ndani ya shimo walilochimba askari, na si wote waliotoka. Maliro alikuwa ananiangalia tu. Na kutoka barabarani nikasikia honi ya kwanza.

"Baba Zorobabel, achilia ule mutu," nikasema. "Hapana mwizi. Mbuzi, ni mimi niliuzisha."

Askari ndio waliosikitika wa kwanza. Wakauliza ni nani atakayelipa mwendo wao. Kuku wa mwisho alikuwa bado chini ya kwapa langu, nikawapa, wakaenda. Zorobabel alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Umeuzisha mbuzi yangu."

"Ndiyo, Baba."

"Mbele ya batu ba Beni."

"Ni sababu mbele ya batu ba Butembo niliona haya."

Nikamweleza yote, upesi upesi: viza, dola inayopanda kila siku, kamio inayonguruma pale. Nikamwambia, ndege haipokei mbuzi, na mimi nataka kuona mutoto wangu kabla sijakufa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Mtu wa haraka angekasirika na tungemaliza. Zorobabel si mtu wa haraka. Akafikiri. Mbuzi akala karatasi iliyokuwa chini. Mwishowe akasema:

"Mutu mwenye alipewa, hawezi kuuzisha. Lakini mwenye alitoa, kitu ni yake. Unirudishie."

Basi ikabidi kesi ifanywe upya kwa utaratibu. Mimi nimrudishie Maliro feza zake. Maliro anirudishie mbuzi. Mimi nimshike mbuzi kwa mikono miwili, nimshukuru Zorobabel, nimwambie kwa nini siwezi kumfuga. Yeye apokee. Ndipo yeye, mwenye mali, amuuzie Maliro mbuzi yule yule. Maliro alitaka kusema kwamba alikuwa amekwisha kumnunua, lakini akakumbuka kola yake, akainyoosha tu.

Nilidhani itakuwa ni kupokezana tu. Sikumjua shemasi wangu. Alimsifu mama wa mbuzi, na bibi wa mbuzi, na majani ya Vulamba. Alieleza pembe ile ilivyovunjika, habari ndefu yenye mvua ndani yake. Maliro alipotaja bei aliyonipa mimi, Zorobabel akageuka akanitazama kwa huzuni kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Uliuzisha namna hii? Unaona, ndiyo hii sasa inanikosea heshima."

Akapata zaidi yangu. Zaidi sana. Nilikasirika kuliko nilivyofurahi.

Akaweka feza zote kwenye viganja vyangu, akatangaza mbele ya watu kwamba yeye hakunipa mbuzi, alinipa feza. Nikakimbia kwa Lusenge. Lusenge akasema dola imepanda. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mulikuwa munaongea habari ya pembe. Faida yote ya Zorobabel ikaingia mle, franka kwa franka, na honi ya pili ikalia.

Kichwa kilikuwa kikubwa, karatasi haikuwa na alama. Nikailaza katikati ya kitabu cha nyimbo, nikakumbatia kitabu, nikakimbia kama msichana. Kamio ilikuwa imeanza kutembea. Vijana wakanisukuma kutoka chini bila adabu, kama gunia, Stanislas akilalamika kupitia dirishani kwamba wazee watamwua.

Nilipokwisha kukaa juu ya mizigo nikamwona Zorobabel anakuja mbio kando ya gurudumu. Kwetu anayeuza mbuzi anabaki na kamba, haimo ndani ya bei. Akaitupa, ikaniangukia mabegani.

"Funga sanduku yako," akaita. "Ile kufuli hapana kitu."

Nikalifunga sanduku kwa mafundo matatu. Kule Kasindi, mtu wa forodha alizunguka sanduku langu, akainusa kamba, akaniuliza mbuzi yuko wapi. Nikamwambia agonge muhuri wake tu, baba, kwa maana nikianza kumweleza, ndege itaniacha.